Aliumia kichwa, akafa kwa kifua



Wiki hii zamu ya kuandika ukurasa wa jamaa imetufikia sisi, dada watatu wa nyumba moja hapa Punia. Tulikuwa tumeahidi kuandika juu ya namna ya kuwasaidia watoto kusoma nyumbani wakati wa mvua. Hiyo itangoja. Kuna neno lililosemwa kwenye kilio cha mdogo wetu, na wengi wenu mlikuwepo mkalisikia. Mzee mmoja wa ukoo alisimama akauliza: "Mtu anaumia kichwa. Kidonda cha kichwa kinakauka. Halafu anakufa kwa kifua. Kifua kimeingia wapi?" Watu wakaguna, na macho yakageuka polepole kuelekea pale alipokaa bibi mmoja, jirani yetu.

Swali la mzee ni swali zuri, na lina jibu. Ila jibu lenyewe linapitia mlangoni kwetu kwanza. Ndiyo sababu tulichelewa kulitoa, na ndiyo sababu leo tunaliandika.

Siku ya ajali

Mdogo wetu alikuwa mwendesha pikipiki. Alipeleka watu na mizigo kwenye machimbo ya kasiterite, akarudi na mifuko. Mnaijua barabara yetu wakati wa mvua, utelezi na madaraja ya magogo. Siku ile gogo moja la daraja lilikuwa limeoza. Gurudumu la mbele likazama, yeye akarushwa, kichwa kikagonga gogo lingine. Hakuwa amevaa kasike. Alikuwa nayo moja, imetundikwa ukutani nyumbani, kwa maana alisema inamzuia kumsikia abiria.

Wenzake walifanya walichoweza. Walimkalisha katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, mmoja anaendesha, mwingine anamshika kiuno kwa nyuma, wakaja naye mpaka kwetu. Safari ile yote kichwa chake kilikuwa kinaning'inia, mara kinaanguka kifuani, mara kinaanguka nyuma.

Tulimlaza chali juu ya mkeka. Damu haikuwa nyingi. Kidonda kilikuwa juu ya sikio la kushoto, kirefu kama kidole. Kifua, mbavu na tumbo havikuwa hata na mkwaruzo. Na alikuwa anakoroma kwa sauti kubwa. Mama yetu aliposikia mkoromo ule alimshukuru Mungu. "Amelala," akasema. "Mwacheni apumzike." Sisi pia roho zilitulia. Tulidhani mtu anayekoroma anapumua vizuri.

Kisha tukafanya kile ambacho kila nyumba ingefanya. Tulikoroga maji ya sukari ili apate nguvu. Mmoja wetu alishika kichwa, mmoja akafungua kidevu, mmoja akashika kijiko. Vijiko vitano, labda sita. Hakukohoa hata mara moja. Maji yalishuka kimya, tukaambiana, "Ameyameza." Baada ya muda mfupi akatapika, naye bado yuko chali, na mkoromo ukageuka kuwa kama chungu kinachochemka.

Wawili kati yetu ni walimu. Tulisoma ISP, tuna diploma, na kila mwaka tunachora mapafu ubaoni kwa chaki ya rangi. Tunawauliza watoto, "Hewa inapitia wapi?" Nao wanaitikia kwa pamoja: puani, kooni, kwenye bomba la hewa, mapafuni. Siku ile, tukiwa na kijiko mkononi, hatukujiuliza maji yanapitia wapi.

Tulipofika hospitali, mama munganga aliyetupokea hakugusa kidonda. Alimgeuza mwili mzima alale kwa ubavu, akainua taya, akaingiza mpira mdomoni akanyonya maji na matapishi. Mkoromo ukapungua palepale. Ndipo akauliza, macho yake yakiwa bado kwa mgonjwa: "Nani amemnywesha?"

Tulitazamana. Hakuna aliyejibu.

Kichwa na kifua vinaungana wapi

Mama munganga alitufundisha kidogo kidogo siku zilizofuata, usiku, wodi ikiwa imetulia. Tunawapa masomo yake kwa mpangilio wetu wa darasani.

La kwanza: mapafu hayajiendeshi yenyewe. Moyo una mpigo wake wa ndani, lakini mapafu yanangoja amri. Amri inatoka kwenye shina la ubongo, chini kabisa, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Kutoka hapo inashuka kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye kiwambo na misuli ya mbavu, mara 12 hadi 20 kila dakika kwa mtu mzima aliyetulia, mchana na usiku, hata tukilala. Sasa, mguu ukivimba, ngozi inavutika. Ubongo umefungwa ndani ya mfupa. Ukivimba, au damu ikijikusanya ndani, hauna pa kupanukia. Unasukumwa kuelekea chini na kulikandamiza lile shina. Hapo pumzi inapoteza mpangilio. Tuliona kwa macho yetu: alipumua haraka haraka, kisha polepole, kisha kimya tukihesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha akaanza tena.

La pili: koo lina mlinzi, na mlinzi huyo anatumwa na ubongo. Njia ya chakula na njia ya hewa zinaanzia mahali pamoja. Kila tunapomeza, njia ya hewa inafungwa kidogo. Tone likikosea njia, tunakohoa mpaka machozi. Mtu aliyepoteza fahamu hana ulinzi huo. Ulimi unalegea na kurudi nyuma, unaziba njia. Mkoromo tuliomshukuria Mungu ulikuwa hewa inayohangaika kupita penye ulimi. Kikohozi nacho kinazimika. Sisi tulidhani ukimya ule ni kumeza, kumbe mlango ulikuwa wazi na mlinzi hayupo. Mate, damu, matapishi, maji ya sukari, vyote vinashuka mapafuni bila mtu kusikia.

La tatu lilitushangaza zaidi. Mapafu yanaweza kujaa maji hata kama mgonjwa hakunywa tone na hakuguswa kifuani. Ubongo ukipigwa vibaya sana, unaweza kutuma mwilini dharura kubwa kupita kiasi. Mishipa ya damu inabanwa kila mahali kwa wakati mmoja, msukumo wa damu unapanda ghafla, na damu nyingi inakimbilia mapafuni. Vijishipa vya mapafu ni vyembamba sana. Vinavuja. Maji ya damu yanaingia kwenye vile vifuko vidogo vinavyopaswa kujaa hewa, na hili linaweza kutokea ndani ya dakika au saa chache. Mwaka 1969 madaktari wa Marekani waliandika juu ya askari wao walioumia kichwa katika vita vya Vietnam, ambao mapafu yao yalijaa maji baada ya majeraha ya kichwa. Mshike habari hiyo ya Vietnam, tutairudia.

La nne: kulala kwenyewe. Mtu mzima wa afya anajigeuza, anavuta pumzi ndefu, anakohoa, bila kujua kwamba anasafisha mapafu yake. Aliyelala bila fahamu hafanyi hivyo. Makohozi yanatulia upande wa chini, sehemu za mapafu zinajikunja, na vijidudu vya mdomoni vinapata nyumba. Siku chache baadaye nimonia inaingia. Mara nyingi inaanzia pafu la kulia, kwa sababu tawi la bomba la hewa linaloenda kulia ni pana na limenyooka zaidi kuliko la kushoto. Kitu kikianguka, huko ndiko kinakoteleza. Tulikuwa tumelichora ubaoni mara nyingi. Hatukuwa tumelitazama.

La tano ndilo linalofunga mduara. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Mapafu yakishindwa, oksijeni inapungua, na ile hewa chafu tunayopaswa kuitoa inabaki kwenye damu. Hewa hiyo ikizidi, mishipa ya damu ya ubongo inapanuka, na ubongo uliokwisha kuvimba unavimba zaidi. Kichwa kinaharibu kifua, na kifua kinarudi kukiharibu kichwa. Kwa hiyo pigo la kwanza, lile la gogo, hakuna awezaye kulifuta. Pigo la pili, la kukosa hewa, ndilo watu walio karibu naye wanaweza kulizuia au kulizidisha.

Siku kumi na moja

Mama munganga alimpa mdogo wetu maksi. Tulipoona anaandika namba tulielewa, maana ni kazi yetu. Kipimo hicho kilitengenezwa na madaktari wawili wa mji wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, mwaka 1974, na bado kinatumika duniani kote. Kinatazama mambo matatu: je, anafungua macho? Anajibu nini? Anasogeza mwili namna gani? Maksi ya juu ni 15, ya chini ni 3. Mwenye 8 au chini yake ameumia vibaya, na haaminiki tena kulinda koo lake mwenyewe. Mdogo wetu alipata 7.

Kwenye hospitali kubwa zenye vifaa, mtu wa 7 anawekewa mpira kwenye bomba la hewa na mashine inampumulia, kisha skana inatazama kama kuna damu ya kutolewa. Kindu iko zaidi ya kilometa 200 kutoka hapa, na barabara mnaijua. Munganga alisema waziwazi kwamba kwa pumzi ile, safari ingemmaliza njiani. Basi tukabaki, na mashine yake ikawa mikono yetu.

Tuligawana zamu kama tunavyogawana siku za shamba. Kila saa mbili simu ililia, tukamgeuza: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kichwa, shingo na mgongo vikienda pamoja kama gogo moja. Tuliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, ili kifua kiwe juu kuliko tumbo. Tulisafisha mdomo wake asubuhi, mchana na jioni kwa kitambaa safi, kwa sababu uchafu wa mdomo ndio unaoshuka mapafuni. Uji ulipita kwenye mpira uliowekwa na munganga kutoka puani mpaka tumboni, polepole, na baada ya uji hatukumlaza chini kwa saa nzima. Tulihesabu pumzi zake kwa saa ya simu na kuziandika kwenye daftari la mazoezi la mtoto.

Siku ya tatu, jioni, bibi jirani alikuja. Mnamjua, hana mtoto aliyebaki hai, na mwaka jana aligombana na mdogo wetu kwa sababu ya mbuzi aliyeingia shambani mwake. Alikuja na chupa ndogo ya mafuta ya mawese. Alimpaka kifuani kwa kiganja, akamwombea, akarudi nyumbani kwa miguu gizani.

Usiku ule ule homa ikapanda. Pumzi zikafika 34 kwa dakika. Asubuhi munganga aliweka sikio upande wa kulia, chini ya bega, akatingisha kichwa. Dawa za sindano zikaanza.

Siku ya nane mdogo wetu alifungua macho. Mama yetu alimpa kidole, akakishika. Maksi zilipanda mpaka 10. Kidonda juu ya sikio kilikuwa kimekauka kabisa na nyuzi zikatolewa. Tulituma habari nyumbani kwamba amepona kichwa, na kwa kweli kichwa kilikuwa kinarudi. Ila kifua hakikurudi. Tuliona mbavu zikivutwa ndani kila pumzi, na pua zikitanuka kama za mtoto mchanga mwenye kifua. Siku ya kumi midomo ikawa ya rangi ya majivu. Siku ya kumi na moja, kabla ya jua kuchomoza, pumzi ikasimama, tukahesabu moja, mbili, tatu, nne, na haikuanza tena.

Kwenye kilio

Sasa mnaelewa kwa nini swali la mzee lilikuwa na nguvu. Watu walikuwa wamesikia kwamba kichwa kimepona. Walijua kifua hakikuguswa na gogo. Aliyegusa kifua, na kila mtu wodini alimwona, alikuwa bibi. Na homa ilipanda usiku uleule. Neno "mlozi" halikutamkwa kwa sauti siku ya kwanza. Siku ya pili lilitamkwa. Vijana walianza kusema juu ya kwenda kuchoma nyumba yake.

Nasi tulinyamaza. Tunaliandika hili kwa aibu. Tulikuwa tunalia, ndiyo, lakini hatukunyamaza kwa sababu ya machozi. Tulinyamaza kwa sababu hadithi ya bibi ilikuwa inafunika hadithi ya kijiko. Kama mkono wa bibi ndio uliomwua, basi mikono yetu ilikuwa safi. Hakuna aliyetuambia tufikiri hivyo, na hatukuambiana. Kila mmoja alikaa na kikwembe chake usoni, akaacha maneno yapite.

Usiku wa pili mama yetu alituita nyuma ya jiko. Yeye hakusoma shule. Akasema: "Yule bibi alikuja na mafuta. Ninyi mlikuja na nini?" Kisha akaingia ndani.

Asubuhi tulimwendea mama munganga, tukamwomba aje. Alikuja baada ya zamu yake ya usiku, akiwa bado na kitambulisho cha kazi shingoni. Lakini tulisimama sisi kwanza. Tulieleza mbele ya wote juu ya mkeka, kulala chali, maji ya sukari, vijiko vitano au sita, na jinsi ambavyo hakukohoa. Tulisema homa ya siku ya nne ilikuwa imepandwa mapafuni siku ya kwanza, kabla bibi hajakanyaga wodi. Mtu mmoja akasema tunamtetea. Ndipo munganga akaeleza mduara wa kichwa na kifua, akafika kwenye habari ya Vietnam. Akamgeukia yule mzee kwa heshima, akamwuliza: "Baba, wale askari wa Marekani, mapafu yao yalijaa maji kwa sababu ya vichwa vyao. Huko Vietnam, ni bibi gani wa Punia alikwenda kuwapaka mafuta?"

Wengine walicheka kidogo, kwenye kilio, kwa aibu. Mzee alifikiri kwa muda mrefu. Akasema: "Basi kifua kimeingia kupitia kichwa." Tangu siku ile hakuna aliyesogelea nyumba ya bibi. Lakini anatembea akiwa ameinama zaidi, na sisi tunajua siku mbili zile tulimfanyia nini. Tumemwomba msamaha. Alisema ametusamehe. Tunampelekea maji.

Tulimwuliza munganga swali letu pia, peke yetu: je, ni sisi? Alijibu hivi: "Sijui, na hakuna atakayejua. Njia ilikuwa ndefu, kichwa kilining'inia, inawezekana alitapika kabla hajafika kwenu. Kwa pigo lile, mapafu yangeweza kuharibika hata bila kijiko. Lakini kijiko hakikumsaidia." Tunaishi na jibu hilo.

Tunayowaomba

Wamama, nyumbani kwetu sisi ndio wa kwanza kupokea mgonjwa, na sisi ndio tunaoshika kijiko. Tunawaomba myashike haya machache.

Mtu aliyepigwa kichwa na haamki, au anakoroma na hajibu, mgeuze alale kwa ubavu, mdomo uelekee chini kidogo ili mate na matapishi yatoke nje. Mwite mtu wa pili na wa tatu: mmoja ashike kichwa na shingo, wengine wageuze mwili, vyote kwa pamoja, maana shingo nayo inaweza kuwa imevunjika. Ondoa mdomoni uchafu unaouona. Usichimbe kwa vidole usikoona.

Usimpe chochote mdomoni. Hata maji, hata sukari, hata dawa ya miti, hata tone la pombe la kumwamsha. Wala usimtie kitu puani. Asiyeweza kukuambia jina lake na kushika kikombe mwenyewe, asinyweshwe.

Usimkalishe kwenye pikipiki kichwa kikining'inia ikiwa kuna njia nyingine. Wazee wetu walibeba wagonjwa kwa tipoyi. Miti miwili na vikwembe viwili imara vinatosha, mgonjwa alale kwa ubavu, na mtu mmoja atembee karibu na uso wake akisikiliza pumzi.

Aliyepigwa kichwa akaamka vizuri, mwangalie mpaka kesho yake. Akitapika tena na tena, akiumwa kichwa kinachozidi, akianza kusema ovyo, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, maji meupe au damu ikitoka sikioni au puani, au usingizi wake ukiwa mzito hata haamshiki, msingoje asubuhi. Mpelekeni.

Mkipata mgonjwa wa koma hospitalini, msingoje kuambiwa. Ulizeni munganga: "Tumgeuze mara ngapi? Tuinue kichwa kiasi gani? Mdomo tuusafishe na nini?" Na mhesabu pumzi. Zikizidi 30, au zikishuka chini ya 10, mwiteni saa ileile.

Na kasike. Mwaka 1935 huko Uingereza mtu mashuhuri, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki bila kofia ya kinga, akalala siku 6 bila kuamka, akafa. Daktari wa ubongo aliyeitwa kumwona, Hugh Cairns, hakuacha mambo yaishie pale. Alichunguza waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha maandishi yake kuonyesha kwamba kofia inaokoa vichwa. Watafiti wa siku zetu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi wamekuta kwamba kasike inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69, na hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42. Mtu aliyelindwa kichwa amelindwa na mapafu.

Katika likelemba yetu ya mwezi huu, fungu letu limekwisha kutolewa. Tumenunua kasike mbili. Moja ni ya mume wa dada mmoja, nyingine ni ya kijana wa jirani anayeshika sasa pikipiki ya mdogo wetu. Ile iliyokuwa ukutani tumempa mwenzake aliyemshika kiuno siku ile, na tulimwambia asiitundike. Tunauliza kama vikundi vingine vinaweza kutenga zamu moja kwa mwaka kwa ajili ya kasike za waume na watoto wetu. Tutalileta jambo hilo kwenye mkutano wa Jumapili, baada ya ibada. Mama munganga amekubali kuja kutuonyesha namna ya kumgeuza mtu kwa ubavu. Leteni mkeka mmoja kwa kila kikundi, na mje na wasichana wenu wakubwa.

Bibi jirani pia atakuja. Tumemwekea kiti mbele.

Ni sisi dada zenu.